Ahadi za Desemba, masika ya Machi

Mwezi Machi nilimtembelea mwalimu aliyenifundisha darasa la nne, nyumbani kwake upande wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alistaafu zamani, na sasa ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi ya shule ya msingi ya kijiji chetu. Mvua ilikuwa imeanza. Tulikaa barazani, akaingia ndani, akatoka na kaunta buku iliyozungushiwa nailoni isilowe, akanifungulia ukurasa wa harambee ya Desemba. Mistari ameipiga kwa rula, kama alivyotufundisha: jina, ahadi, alichotoa, salio. Safu ya ahadi imejaa mpaka chini. Safu ya alichotoa ina mapengo, na mapengo yenyewe yako juu ya ukurasa, kwenye majina makubwa.

"Mwanangu, hawa wa elfu tano na elfu kumi wamemaliza wote," aliniambia. "Wa laki mbili tatu, nusu yao wamemaliza. Hawa wa milioni nawapigia simu mpaka naona haya."

Jina langu lilikuwemo, na nilikuwa na salio. Nililipa jioni ile ile kwa simu, lakini aibu ya kukutwa na deni mbele ya mwalimu aliyenifundisha kuandika jina langu vizuri haijanitoka, na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Kabla sijaondoka tulipanda pamoja hadi shuleni. Vyumba viwili vya madarasa vimesimama hadi kwenye mkanda wa zege wa juu ya kuta. Nondo za nguzo zimechomoza juu zikiwa na kutu nyekundu, kenchi hakuna, bati hakuna. Ndani, mahali ambapo pangekuwa sakafu, maji yalikuwa yamesimama na majani yameanza kuota pembeni. Fundi tuliyemkuta pale alikwaruza tofali la juu kwa ufunguo wa pikipiki yake, na mchanga ukamwagika. Akasema kozi mbili za juu itabidi zibomolewe kabla ya kupaua, kwa sababu zimekunywa mvua ya misimu miwili. Maana yake sehemu ya fedha tulizochangia kwa shangwe mwaka juzi tutazichangia tena.

Kwa msomaji asiyeijua Desemba ya kwetu: kuanzia katikati ya mwezi, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kuja Moshi hujaa, na tangu 2019, treni iliporudi baada ya miaka mingi ya kulala, nayo hujaa. Watu wanakwenda kuhesabiwa, ndivyo tunavyosema, yaani wanarudi kwao kwa sikukuu. Kijiji kilichokuwa na wazee na watoto kinajaa ghafla. Kamati yoyote yenye akili huchagua wiki ile ile kuita harambee, kwa sababu ndiyo wiki pekee ambayo wenye uwezo wako hatua chache kutoka shuleni. Turubai linafungwa, kwaya inaimba, mgeni rasmi anafika amechelewa saa mbili, na ndafu anasimamishwa mezani, mbuzi mzima wa kuchoma na majani mdomoni. Anapigwa mnada, anayemnunua anamrudisha kamati imuuze tena. Nimeona ndafu mmoja akiuzwa mara tatu ndani ya nusu saa.

Naiheshimu siku ile. Nimewaona wanaume wakilia wakieleza jinsi walivyotembea pekupeku kwenda shule hiyo. Upendo unaoonekana pale ni wa kweli, na asije mtu kuniambia kwamba watu wale wanajionyesha tu. Shida iko kwingine. Harambee yetu imepangwa kufuata ratiba ya anayetoa, kumbukumbu zake na heshima yake. Shule ina ratiba yake na mahitaji yake, na mara nyingi hivi viwili havikutani.

Tuanze na kalenda. Ahadi zinatolewa wiki ya mwisho ya Desemba. Masika mlimani huanza Machi na kwenda hadi Mei. Kwa hiyo kamati ina wiki kama kumi tu za kufika kwenye bati. Wiki hizo kumi zinaanza na Januari, mwezi ambao mtu aliyeahidi milioni kwenye turubai amerudi mjini na kukuta ada za wanawe, kodi ya nyumba na madeni ya sikukuu. Anasema, "Nitatuma mwisho wa Machi." Hasemi uongo, ana nia. Lakini fedha ya mwisho wa Machi inafika wakati lori la mchanga haliwezi kupanda barabara yetu ya udongo, na saruji inayonunuliwa wakati huo huganda kwenye stoo yenye unyevu. Ahadi ya milioni inayolipwa Aprili haina thamani ya laki tano iliyolipwa tarehe 2 Januari.

Halafu kuna kile tunachokijenga. Harambee karibu zote nilizohudhuria, upande wa Kibosho, Uru na Machame, zimekuwa za madarasa. Hilo lina historia. Kwa miaka mingi makubaliano yasiyoandikwa kati ya wananchi na serikali yamekuwa kwamba sisi tunainua boma, yaani kuta bila paa, kwa michango na msaragambo (kazi ya pamoja), na serikali inakuja kuezeka na kumalizia. Ndivyo zilivyojengwa nyingi ya shule za kata miaka ya MMES (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari), kuanzia 2004. Ndivyo ilivyokuwa pia kwenye maabara, pale Rais Jakaya Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Wanaokumbuka mwaka 2014 wanakumbuka watendaji wa vijiji walivyopita nyumba kwa nyumba na daftari. Nchi nzima ikabaki na maboma yanayosubiri mkamilishaji, na neno lenyewe likaingia kwenye taarifa za serikali na mijadala ya bungeni: maboma ambayo hayajakamilika.

Ila mambo yalibadilika mwishoni mwa 2021. Kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kukabili athari za UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, kila chumba shilingi milioni 20. Watu walilijadili zoezi lile kwa namna nyingi, lakini mimi nilitoka na jambo moja: serikali ikiamua, darasa inalijenga haraka kuliko sisi, kuanzia msingi hadi bati, bila boma kulala kwenye mvua misimu miwili. Kama ni hivyo, nguvu zetu za Desemba zina kazi gani?

Jibu nililipata kwa mwalimu mkuu, tena hakulisema kwa kulalamika. Nilimuuliza anapata kiasi gani cha kuendesha shule. Kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ni za vitabu na hazifiki shuleni kama fedha, kwa hiyo zinazoingia kwenye akaunti ya shule ni 6,000 kwa mtoto. Kiwango hicho cha 10,000 kilipangwa enzi za MMEM, mpango kama huo wa elimu ya msingi, mwaka 2002, wakati dola moja ilikuwa haijafika shilingi 1,000. Leo dola imepita mara mbili ya hapo, na kiwango kiko pale pale.

Sasa chukua shule yenye watoto 300. Hiyo ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Kutoka kwenye laki moja na nusu hiyo zitoke chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, dawa ya kusafishia vyoo, nauli ya mwalimu anayekwenda halmashauri, dirisha lililopigwa na jiwe. Nilikaa kimya nikikumbuka bei ya mwisho ya ndafu.

Hapa ndipo hesabu yangu ilipogeuka. Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu kuna watu 38 wenye kipato, wa chini na wa juu. Kila mmoja akitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, tunapata 190,000. Ukoo mmoja, kwa fedha ya soda chache, unazidi ruzuku ya mwezi mzima ya shule ya watoto 300. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea sifuri. Sikuwa nimekosea. Na ukiangalia daftari la mwalimu, watu wa elfu tano ndio waliomaliza.

Wazee wetu walilijua hili kabla yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Nguvu ya ushirika ule ilikuwa kwenye mizani. Mkulima akipima kahawa yake, senti chache zinakatwa pale pale, kwa kila mtu, tajiri na maskini, msimu hadi msimu. Miaka ya 1950 ushuru wa kahawa uliokuwa ukiingia kwenye mfuko wa Wachagga ulisaidia kujenga shule na kusomesha vijana. Hakuna aliyepigiwa makofi kwa kukatwa senti zake. Hakukuwa na mgeni rasmi wa kusubiriwa. Fedha ilikuja kwa sababu kahawa ilipimwa, na kila mwanachama angeweza kuuliza imekwenda wapi. Si kwamba ushirika haukuwa na makosa yake. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya 1989 mizani yenyewe ikapungukiwa kahawa. Lakini lile wazo la kidogo, cha kila mtu, kila wakati, liliacha shule nyingi mlimani ambazo sisi tunakwenda kuzipaka rangi Desemba.

Na kabla ya kahawa kulikuwa na mfongo. Aliyekulia mlimani anajua: mfereji unaoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, mashamba yetu ya ukoo, hauwezi kutengenezwa kwa sherehe ya mara moja kwa mwaka. Unasafishwa kwa zamu, siku zinajulikana, na asiyetokea bila udhuru analipa faini. Babu yangu alikuwa mtu mpole kwa kila jambo, lakini siku ya mfongo alikuwa anaamka kabla ya jogoo.

Kuna kingine ambacho darasa huwa linakificha: vyoo. Mwongozo wa nchi unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya watoto 300, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 14 kwa wanafunzi peke yao. Katika harambee zote nilizokaa, sijawahi kusikia mshereheshaji akitangaza mnada wa tundu la choo. Jiwe la msingi huwekwa kwenye darasa, likachongwa jina la mgeni rasmi. Msichana wa darasa la saba anayekosa siku tatu au nne kila mwezi kwa kukosa mlango unaofungwa na maji ya kunawa hana mahali anapoonekana kwenye programu ya siku ile. Hili linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa, maana dada zangu walisoma shule hiyo hiyo, na nakumbuka walivyokuwa wakikimbia nyumbani saa nne asubuhi.

Jambo la tatu ni mahali penyewe. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012 na 1,861,934 mwaka 2022. Ni ongezeko la kama asilimia 1.3 kwa mwaka, wakati taifa zima linaongezeka kwa asilimia 3.2. Vihamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, na vijana wameshuka. Ziko shule za juu ambako chumba chenye nafasi ya watoto 45 kina watoto 20 na kidogo. Shuka Pasua au Njoro mjini Moshi, shuka Himo na Njiapanda, nenda Bomang'ombe: huko ndiko wanakopanga wazazi waliotoka mlimani na waliotoka mikoa mingine, na huko ndiko madawati yanakogombaniwa. Lakini nani anarudi Desemba kuhesabiwa Njiapanda? Fedha inapanda mlima kwa sababu kaburi la babu liko mlimani. Naelewa, hata la babu yangu liko huko. Ila tunapojenga chumba cha tisa kwenye shule ambayo vyumba vyake saba vinatosha, tunakuwa tumeijengea shule ya utoto wetu.

Wenzetu wa Kenya, ng'ambo ya mipaka ya Holili na Tarakea, ambako neno harambee lilifanywa wito wa taifa na Jomo Kenyatta tangu 1963, wamelipitia hili kwa uchungu zaidi. Michango ikawa uwanja wa wanasiasa kushindania nani katoa zaidi, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto akatangaza kuwazuia watumishi wa umma na viongozi wa serikali kushiriki harambee. Sisi hatujafika huko, lakini anayehudhuria harambee mwaka wa uchaguzi na mwaka usio wa uchaguzi anaona tofauti ya bahasha.

Upo pia upande wa sheria na taratibu, na nadhani umechangia zaidi ya tunavyokiri. Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, elimu bila ada ikafika kidato cha nne Januari 2016 na kidato cha sita mwaka 2022. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, na maelekezo yakawa kwamba mwenye kutaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu asiguse fedha. Nia ilikuwa njema: kulikuwa na watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mlinzi. Mimi siwezi kutetea kurudisha mtoto nyumbani. Ila walimu wakuu wengi waliogopa kiasi kwamba hata mzazi aliyetaka kutoa debe la mahindi ya makande alionekana kama mtego. Mchango mdogo wa mwezi kwa mwezi ukapotea, ikabaki harambee, kwa kuwa harambee ina diwani, ina mtendaji, ina barua ya kibali, na kila mtu anajiona salama chini ya turubai. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini nimeisikia kutoka kwa walimu wengi kiasi cha kuiamini.

Njia ya halali ya mchango mdogo ipo. Fedha iingie benki kwenye akaunti ya shule, stakabadhi itolewe, halmashauri ijue, kamati ya shule ikae na kuamua, na hesabu isomwe. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa kusomwa pale. Tukiitumia mikutano hiyo minne, hatuhitaji chombo kipya wala kamati mpya. Harambee ya Desemba ibaki, siku ile ni yetu, lakini kazi yake ibadilike: iwe siku ya kusoma hesabu ya mwaka uliokwisha, jina kwa jina, na ya kulipa taslimu tu. Anayetaka kuahidi aahidi mwezi Septemba akiwa mjini na kalenda yake mbele, ili Desemba aje na fedha mkononi, na bati liwe juu kabla ya mvua ya kwanza ya Machi. Na kila kamati, kabla haijachapisha kadi, iandike idadi ya watoto, idadi ya vyumba na idadi ya matundu. Ikionekana vyumba vinatosha, mgeni rasmi aombwe kuchangia vyoo, na jina lake lichongwe hapo hapo kwenye ukuta wa choo. Kama inambidi kuona haya, aone haya ya wasichana kukosa masomo.

Kuhusu shule za tambarare, pendekezo langu ni gumu zaidi na najua ndugu zangu hawatalipenda. Kwa kila shilingi kumi tunazopeleka juu, mbili ziende kwenye shule ya kata tunayoishi, iwe Pasua, iwe Kimara jijini Dar es Salaam. Watoto wanaokaa watatu kwenye dawati la watu wawili huko ni wajukuu wa wazee wale wale.

Ukoo wetu ulianza Aprili. Watu 38 waliafiki kwenye kundi, mwezi wa kwanza wakatoa 31, mwezi wa pili 34. Fedha inatumwa tarehe 28, mshahara ukishaingia na kabla haujatoka. Kamati iliamua kuanza na milango minne ya vyoo vya wasichana na vitasa vyake, halafu gata na tanki la kukinga maji ya paa la jengo la zamani. Mwalimu wangu amefungua ukurasa mpya kwenye kaunta buku ile ile, mistari kwa rula, safu kumi na mbili za miezi. Safu ya ahadi hakuichora. Nilipomuuliza, alisema hana haja nayo, akanionyesha safu ya Juni ambayo jina langu bado lilikuwa wazi, na siku hiyo ilikuwa tarehe 27.